Pikipiki tatu kwenye mlima wa Kapchorwa, na tairi moja lililokuwa bapa

Msomaji mmoja wa Mbale, mashariki mwa Uganda, ameniandikia barua ndefu, nami naifupisha bila kuigeuza maana. Ana Yamaha YZF-R6 ya mwaka 2008. Rafiki yake ana Honda CBR600RR ya 2007. Mwenzao wa tatu ana Suzuki SV650 ya 2004. Kila Jumapili hupanda pamoja barabara ya lami ya kwenda Sipi na Kapchorwa, na kila Jumapili mambo huwa yaleyale: SV, ambayo kwa takwimu za kiwandani ndiyo dhaifu kuliko zote, huwatangulia kwenye kona za mlimani, na CBR nayo humtangulia mwenye R6. Tairi lake la nyuma, ambalo alilifunga likiwa jipya mwaka jana, limelika katikati hadi likawa bapa kama la gari. Mafundi watatu wamempa ushauri wa namna tatu. Wa kwanza anasema afunge tairi pana la 190 badala ya 180 (huo ni upana kwa milimita). Wa pili ana jozi ya matairi ya mashindano yaliyotumika kidogo Ulaya, anayauza. Wa tatu anasema apunguze upepo hadi PSI 28 (PSI ni kipimo cha mgandamizo wa upepo) ili mpira ushike zaidi. "Mzee," anauliza, "nimfuate yupi, na je, nilinunua pikipiki isiyonifaa?"

Nianze na la mwisho, ndugu yangu, kwa sababu naona ndilo linalokuuma. Pikipiki yako haina kosa, na ushauri wa mafundi hao uuache wote watatu. Kwa jinsi ulivyonieleza, ninyi hamshindanishi injini hata kidogo. Mnashindanisha jozi tatu za matairi, na yako ndiyo iliyo katika hali mbaya kuliko zote. Ukiyabadilisha na kuyajaza upepo unaostahili, utaratibu wa msafara wenu utabadilika kabla hujaigusa injini hata kwa spana moja.

Injini zina sehemu yake katika jambo hili, hata hivyo, na ni vizuri tuimalize mapema. R6 na CBR zina silinda nne kila moja na ujazo wa sentimita za ujazo 599, na kwa hesabu za kiwandani kila moja inafikia nguvu za farasi 120 au zaidi kidogo. SV ina silinda mbili zilizokaa kwa umbo la V, ujazo wa 645, na nguvu za farasi zipatazo 70 tu. Anayeishia hapo atashangaa kama unavyoshangaa wewe. Lakini itazame nguvu ya kusokota, yaani ule msukumo unaousikia mgongoni unapovuta mafuta: R6 na CBR hutoa takriban Nm 66 (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu hiyo), na SV hutoa takriban Nm 64. Ni kama zimelingana. Kinachozitenganisha ni mahali pa kuipata nguvu hiyo. SV huitoa injini ikizunguka mara elfu saba na kidogo kwa dakika, ilhali hizo mbili nyingine hukudai uzipandishe hadi kiasi cha 11,000. Ukiwa kwenye kona za Sipi, gia ya tatu, mwendo wa kilomita 60 kwa saa, injini ya R6 inazunguka mara 5,000 hivi, maana yake bado imelala. Mwenye SV akivuta mafuta kidogo tu anaondoka, na wewe ukivuta vilevile unasubiri.

Ungeweza kushuka gia mbili, na ndivyo R6 inavyotaka iendeshwe, lakini gia yake ya kwanza peke yake inavuka kilomita 100 kwa saa, na sijui ni wapi kati ya Mbale na Kapchorwa mtu mwenye watoto angetaka kuzimaliza hizo gia sita. (Wenye R6 wana udhaifu wa kujivunia saa ya mizunguko. Mwaka 2006 Yamaha waliitangaza kwamba inafika mizunguko 17,500 kwa dakika. Baadaye ikajulikana kwamba saa ilikuwa ikizidisha na injini ilikuwa ikiishia karibu na 16,000, kampuni ikakiri na kujitolea kuzinunua tena pikipiki kutoka kwa wasioridhika. Ukimsikia mtu anakutajia 17,500 kwenye kituo cha mafuta, mnunulie soda tu.)

Kimo nacho husingiziwa mengi. Mbale iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na Kapchorwa inapita mita 1,700. Mgandamizo wa hewa ya Mbale ni kama asilimia 87 ya ule wa pwani, na mkifika Kapchorwa umeshuka hadi asilimia 81 hivi. Injini isiyo na turbo, yaani kifaa cha kuisukumia hewa ndani, hupoteza nguvu kwa kadiri hiyohiyo, kwa hiyo zile farasi 120 zilizopimwa kwa hewa nzito ya kule chini zimebaki chini ya 100 kidogo. Hasara hiyo lakini huwapata ninyi nyote kwa uwiano mmoja, na kwa kuwa pikipiki zote tatu hunyunyiza petroli kwa kuongozwa na kompyuta inayosoma mgandamizo wa hewa, hakuna hata moja inayosongwa na petroli mlimani kama zisongwavyo za kabureta. Kimo kinaeleza kwa nini nyote mnachoka mkikaribia juu, ila hakielezi kwa nini wewe ndiye wa mwisho.

Kuhusu CBR, muulize rafiki yako jambo moja: sproketi yake ya mbele, ile gia ndogo inayovuta mnyororo, ina meno mangapi? Kiwandani hufungwa ya meno 16. Nimefungua karakanani pikipiki nyingi zilizotumika, zilizofika kwetu kwa njia ya Mombasa na Malaba, nikakuta mmiliki wa kwanza alikwisha kupunguza jino moja. Jino hilo moja huongeza uwiano wa gia kwa karibu asilimia 7, na kwenye mlima asilimia 7 huonekana waziwazi. Kama ana meno 15, basi mmekuwa mkibishana kuhusu kipande cha chuma kinachotoshea mfukoni.

Sasa tuje kwenye matairi, ambako ndiko liliko jibu lako.

Pikipiki haigeuki kwa usukani kama gari. Hugeuka kwa kulala, na hulala vizuri kwa sababu tairi lake ni la mviringo kutoka bega hadi bega. Unapolala kidogo unakanyagia sehemu moja, ukilala zaidi unahamia nyingine, na uhamaji huo ukiwa laini, mwili unaamini na mkono unatulia. Tairi lako limepoteza mviringo huo. Katikati ni bapa, na pande zote mbili kuna ukingo. Unapoanza kuingia kwenye kona pikipiki inakataa kulala kwa sababu imekaa juu ya ubapa kama meza. Unausukuma mpini kwa nguvu zaidi. Mara inavuka ule ukingo na kuanguka ndani ya kona kwa ghafla usiyoitegemea. Hakuna mwendeshaji mwenye akili timamu anayeendelea kuvuta mafuta pikipiki inapomfanyia hivyo. Unaachia, unanyooka, unaingia kona inayofuata kwa woga, na mwenye SV anazidi kukuacha. Tairi lake la nyuma kiwandani ni 160/60 (upana kwa milimita, kisha kimo cha ukuta kwa asilimia ya upana huo), jembamba kuliko lako la 180/55, nalo hulala kwa wepesi zaidi hata yote mawili yakiwa mapya. Sasa fikiria jembamba lenye mviringo wake likishindana na pana lililokuwa bapa.

Huo ubapa umetoka wapi? Si Sipi. Umeniambia kwamba hushuka Kampala mara mbili kwa mwezi. Barabara ya Tirinyi, inayokupeleka Iganga, hunyooka ikapita kwenye vinamasi na mashamba ya mpunga, na kutoka Iganga hadi Kampala kona ni chache na malori ni mengi, kwa hiyo kwa kilomita zaidi ya 200 unakanyagia ukanda mmoja wa mpira wenye upana wa vidole vitatu, lami ikiwa imechomwa na jua la saa saba mchana. Kwa kila saa moja ya kona za Jumapili, tairi limepata saa nyingi za kunyooka. Zaidi ya hayo umekiri kwamba hukumbuki mara ya mwisho ulipopima upepo. Tairi lenye upepo mdogo hujikunja zaidi kila linapozunguka, hupata joto, na mpira uliopata joto kupita kiasi hulika upesi. Ndiyo maana ushauri wa 28 ulinisikitisha kuliko huo mwingine wote. Watu wa mashindano hushusha upepo kwa sababu matairi yao hufunikwa kwa mablanketi ya umeme kabla ya kuanza na hukimbizwa kwa mwendo unaoyatia joto jingi, kisha hutupwa baada ya siku moja au mbili. Wewe unapita kwenye matuta ya Namutumba na kwenye mashimo ambayo asubuhi hayakuwapo. Ukiwa na 28, shimo moja lenye kingo kali linatosha kuipinda rimu.

Kitabu cha R6 kinataka PSI 36 mbele na 42 nyuma, na CBR inataka vivyo hivyo. Namba hizo hupimwa tairi likiwa baridi, asubuhi, kabla pikipiki haijatembea. Nunua geji yako mwenyewe uiweke chini ya kiti, kwa sababu za vituo vya mafuta zimeangushwa chini mara nyingi mno, na mimi nimewahi kupima tairi lilelile kwenye vituo viwili vya mji mmoja nikapata tofauti ya PSI 5. Ukiisha kuendesha kwa nusu saa pima tena: upepo ukipanda kwa takriban sehemu moja ya kumi, uko sawa, ukipanda sana kuliko hapo, ulianza na mdogo.

Tairi la 190 ni hoja ya macho. Rimu yako ya nyuma ina upana wa inchi 5.5, na hiyo ndiyo saizi ya 180. Ukiibana 190 humo, mabega yake huvutwa ndani na umbo alilokusudia mtengenezaji linabadilika. Kisha kuna kimo cha tairi, ambacho watu hawakihesabu: 180/55 ina ukuta wa milimita 99, 190/50 ina 95, na 190/55 ina 104.5. Kwa hiyo 190 hizo mbili si kitu kimoja. Ya kwanza huishusha pikipiki nyuma ikawa nzito kugeuka, na ya pili huiinua na kuirefusha gia kwa karibu asilimia 2, wakati tatizo lako ni kwamba tayari unasubiri nguvu. Anayekuuzia upana anakuuzia sura ya pikipiki ikiwa imesimama nje ya hoteli.

Matairi ya mashindano yaliyotumika yananihusu binafsi. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua jozi ya namna hiyo kutoka kwa muuzaji mmoja jijini, mpira ukiwa bado mnene na bei ikiwa ya huruma, wala sikuligeuza tairi kusoma tarehe. Asubuhi moja ya manyunyu nilikuwa karibu na Lugazi, mahali ambapo matrekta ya miwa hutoka shambani na kuacha tope jekundu kwenye lami. Sikuzidi kilomita 40 kwa saa. Gurudumu la nyuma liliondoka kana kwamba mtu amelivuta kwa kamba, na niliyasoma yale maandishi ya ubavuni nikiwa nimekaa pembeni mwa barabara na kifundo cha mkono kimevimba. Tairi lilikuwa na umri wa miaka saba. Mpira wa mashindano umetengenezwa ushike ukiwa na moto, una mifereji michache ya kutolea maji, na kila unapopashwa joto na kupoa unazidi kuwa mgumu. Kwa hiyo lile linaloonekana kuwa na unene wa kutosha huenda limekwisha nguvu muda mrefu. Katika nchi ambayo mvua haianzi kwa kupiga hodi, sioni linapomfaa mtu wa barabarani hata likiwa jipya.

Tarehe husomwa hivi. Tafuta ubavuni herufi DOT, ufuate mstari wake hadi mwisho, utaona kijidirisha chenye tarakimu nne. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 1824 ni wiki ya 18 ya mwaka 2024. Wakati mwingine imeandikwa upande mmoja tu, na muuzaji mjanja hulilaza tairi upande huo ukiwa chini. Karibu na saizi utaona pia 58W kwa la mbele na 73W kwa la nyuma: 58 ni uwezo wa kubeba kilo 236, 73 ni kilo 365, na W ni mwendo wa hadi kilomita 270 kwa saa. Usikubali kufungiwa tairi lenye uwezo ulio chini ya ule uliomo kwenye kitabu cha pikipiki, hata kama shimo la katikati linaingia vizuri.

Basi ununue nini? Kwa mtu anayekwenda Kampala mara mbili kwa mwezi na kupanda Sipi siku za Jumapili, nachagua bila kusita matairi ya safari za kasi, yale yenye mpira mgumu katikati na laini mabegani: Michelin Road 5, Metzeler Roadtec 01, Bridgestone T32 na wenzao wa daraja hilo. Ule ugumu wa katikati ndio dawa ya Tirinyi, na mabega laini ndiyo yatakayokubeba kwenye kona. Vijana huyadharau wakisema ni matairi ya wazee. Ukweli ni kwamba hupata joto upesi, humwaga maji vizuri, na kiwango chake cha kushika kiko juu ya kile ambacho wewe au mimi tutakihitaji kwenye barabara yenye ng'ombe. Kama ungekuwa na pikipiki ya Jumapili tu ningekubali uende daraja la juu, Pirelli Diablo Rosso III au Michelin Power 5 kwa mfano, ukijua kwamba yatakwisha mapema zaidi. Vyovyote iwavyo, nunua jozi. Tairi jipya la nyuma likifungwa pamoja na la mbele lililochoka, pikipiki hupata tabia mbili, na R6 ya mwaka wako haina breki za ABS, zile zinazozuia gurudumu lisigome, kwa hiyo la mbele ndilo bima yako pekee ukiminya breki kwa hofu.

Likiisha kufungwa, nenda kwa upole kwa kilomita 150 za mwanzo, ukilala kidogo kidogo zaidi kila siku, kwa sababu uso wa tairi jipya huteleza hadi ukwanguliwe na lami. Hakikisha pia fundi amelisawazisha gurudumu na kuweka vali mpya. Vali ya mpira iliyozeeka inagharimu shilingi chache na inaweza kukumalizia upepo wote njiani.

Springi zitazame baadaye, lakini zitazame. Pikipiki hizi zilipangwa kwa mtu wa kilo 70 na kidogo. Ukiwa na nguo zote za safari, kaa juu yake huku wenzako wakiishikilia wima, nao wapime nyuma imeshuka kiasi gani ikilinganishwa na gurudumu lilipokuwa limening'inia hewani. Milimita 30 hadi 35 zinatosha. Ikishuka sana, mbele hunyanyuka na pikipiki hukataa kugeuka, na utalilaumu tairi jipya bure.

Na kama mnataka kulinganisha kwa haki, fanyeni asubuhi moja, barabara ikiwa kavu, upepo wa matairi yote ukiwa umepimwa kwa geji moja kabla ya kuondoka Mbale. Mkifika Sipi badilishaneni pikipiki, kila mmoja ashuke na kupanda na ile isiyo yake kwa mwendo ambao angeuendesha akiwa amempakia mama yake. Andikeni alichosema kila mmoja kabla hamjaongea, maana mkianza kuongea mwenye sauti kubwa ndiye atakayekuwa na pikipiki nzuri. Mimi natarajia utasema SV ni rahisi kuliko ulivyodhani na kwamba R6, ikiwa na miguu mipya, inaingia kwenye kona kwa usahihi kuliko zote mbili, ila inakutaka ushuke gia moja zaidi ya ulivyozoea. Kama hukuona hivyo, niandikie tena, na safari hii unitajie upepo uliousoma asubuhi Mbale, uliousoma Sipi, zile tarakimu nne za ubavuni, na idadi ya meno ya sproketi ya rafiki yako.